Breece Hall au Javonte Williams: jinsi ya kuchagua mbeba mpira anayetoka kupasuliwa goti

Agosti 2023, drafti ya ligi yetu ya fantasi ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani), yaani zoezi la watu kumi na wawili kuchagua wachezaji wa vikosi vyao, ilipofika raundi ya nne, jina la Breece Hall lilikuwa bado halijachukuliwa. Saa inahesabu, kundi la WhatsApp linapiga kelele, na mimi nimekodolea macho alama nyekundu iliyobandikwa pembeni ya jina lake: majeruhi. Nikamruka. Nilishajiwekea mpango wangu wa kumngoja Javonte Williams wa Denver, ambaye goti lake nalo lilipasuliwa baada ya kuumia mwaka uliotangulia, ila habari zake zilikuwa nzuri zaidi na bei yake ilikuwa chini. Raundi ya sita nikampata, nikajiona mjanja. Aliyemchukua Hall ni jamaa mmoja wa Mombasa tunayeishi naye hapa Columbus, mtu ambaye futiboli ya Kimarekani alianza kuitazama mwaka mmoja tu kabla ya hapo.

Msimu ulipokwisha, Hall alikuwa wa pili kwa pointi miongoni mwa wabeba mpira wote wa NFL katika ligi zinazohesabu pasi, nyuma ya Christian McCaffrey peke yake. Javonte wangu nilikuwa nimeshamweka benchi siku nyingi. Tangu hapo nimewalinganisha hawa wawili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, maana kila Agosti hakosekani mbeba mpira mwenye jina anayerudi kutoka kwenye upasuaji wa goti, na swali huwa ni lile lile: huyu ni wa kununua au wa kumwachia mwenzako?

Kwa msomaji aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kuna tofauti moja ya kuiweka kichwani kwanza. Kule mamilioni ya watu wanaweza kuwa na Haaland kwa wakati mmoja. Kwenye ligi nyingi za fantasi ya NFL kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Mnachagua kwa zamu, na zamu inageuka kila raundi: aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza ndiye anayeanza raundi ya pili. Ukimchukua mtu mapema kisha akakaa nje miezi miwili, hakuna kadi ya kukuruhusu ubadilishe kikosi kizima. Pengo hilo utaishi nalo. Mbeba mpira, yaani raningibeki, anakupa pointi moja kwa kila yadi 10, sita kwa kila tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, na katika ligi kama yetu, pointi moja ya ziada kwa kila pasi anayoidaka. Hiyo ya mwisho ishike vizuri.

Na kazi yenyewe? Anakabidhiwa mpira na kwotabeki, yule mpiga pasi mkuu wa timu, anapenya katikati ya watu wenye kilo 130, anakata kona ghafla kwa mguu mmoja, anaangushwa, anainuka, anarudia. Karibu kila kitu anacholipwa kukifanya kinapita kwenye goti.

Wawili wanaofanana hadi inatisha

Sababu ya kuwatumia hawa kama kipimo ni kwamba historia zao zinakaribia kuwa pacha. Javonte alichaguliwa na Denver Broncos akiwa wa 35 kwenye drafti ya NFL ya 2021, ile ambayo timu zenyewe huchagua wachezaji wapya. Hall alichaguliwa na New York Jets akiwa wa 36 mwaka uliofuata. Javonte aliumia tarehe 2 Oktoba 2022, ugenini kwa Las Vegas Raiders. Wiki tatu baadaye, tarehe 23, Hall naye akaumia, tena ndani ya uwanja wa Denver, nyumbani kwa Javonte, muda mfupi baada ya kukimbia yadi 62 hadi tachidauni. Wote wawili walikuwa uwanjani wiki ya kwanza ya msimu wa 2023.

| | Breece Hall | Javonte Williams |
|---|---|---|
| Umri, Septemba 2023 | 22 | 23 |
| Kilichochanika | ACL na meniskasi | ACL, LCL na kona ya nyuma-nje ya goti |
| Kuumia hadi mechi ya kwanza | miezi kumi na nusu | miezi 11 na siku kadhaa |
| Yadi kwa kila alipobeba, kabla ya kuumia | 5.8 (2022) | 4.4 (2021) |
| Alivyobeba 2023 | mara 223, yadi 994 | mara 217, yadi 774 |
| Pasi alizodaka 2023 | 76, yadi 591 | 47, yadi 228 |
| Tachidauni zote 2023 | 9 | 5 |
| Pointi za fantasi | takriban 288 | takriban 177 |

Pointi hizo nimezipiga mwenyewe kwa yadi, tachidauni na pasi pekee, bila kugusa mipira iliyopotea wala mambo madogo madogo. Angalia mstari wa kubeba mpira: 223 na 217. Kazi waliyopewa ilikuwa karibu sawa, lakini pointi zimeachana kwa zaidi ya mia.

Kilichokatika ni nini hasa

Magazeti yaliandika "ACL" kwa wote wawili, nami nikasoma kama kwamba ni jeraha moja. Hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyeniuzia ni mimi mwenyewe.

ACL ni ligamenti fupi iliyo katikati ya goti. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe chini ya paja. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haishonwi. Daktari huchukua kipande cha kano, mara nyingi cha mgonjwa mwenyewe, kutoka chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, akakipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa mfupani. Kano hiyo mpya hudhoofika kwanza, halafu mwili unaigeuza taratibu, mwezi baada ya mwezi, iwe kama ligamenti. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia mstari ulionyooka mwezi wa tano baada ya upasuaji na video yake ikasambaa watu wakishangilia, ilhali ndani bado ni mbichi. Kukimbia mbele ni jambo dogo kwa goti. Kusimama ghafla na kugeuka ndiko kunakolipima.

Hall alikatika ACL na kuumia meniskasi, ile pedi inayokaa kati ya mifupa miwili. Si jeraha dogo, lakini ni jeraha ambalo madaktari wa michezo wanalijua kama barabara ya kwenda nyumbani. Javonte alikatika ACL, akakatika LCL, ambayo ni ligamenti ya upande wa nje, na juu ya hayo ikaharibika ile kona ya nyuma-nje, mkusanyiko wa ligamenti na kano unaozuia goti lisifunguke kwa nje na mguu usijizungushe ovyo. ACL peke yake ni mlango uliopoteza bawaba. Hivyo vitatu kwa pamoja ni mlango uliong'oka na kipande cha fremu yake.

Sasa weka jeraha hilo juu ya namna kila mmoja anavyocheza. Msimu wake wa kwanza, 2021, Javonte aligawana kazi na Melvin Gordon sawa kwa sawa, kila mmoja akabeba mara 203, na sifa iliyomtoa ni ukaidi wa kuanguka. Watu watatu wanamrukia, miguu yake bado inasukuma. Uchezaji wa namna hiyo unataka goti linalostahimili kuvutwa pembeni huku uzito wa watu wengine uko juu yako, yaani unaitaka kona ile ile iliyoharibika. Hall anaishi kwa kitu kingine: akiona upenyo, hatua mbili tu na ameshapita. Alihitaji mbio zake zirudi. Mechi ya kwanza kabisa, tarehe 11 Septemba dhidi ya Buffalo, alikimbia yadi 83 kwa mkupuo mmoja. Alibeba mara 10 tu usiku huo, akapata yadi 127.

Kwa hiyo ukilinganisha wawili, swali la kwanza ni idadi ya vilivyokatika na wapi, na la pili ni kama kilichokatika ndicho anachokitegemea. Majibu haya yamo kwenye taarifa za wazi. Timu hutangaza, waandishi wa timu hufafanua. Ni dakika kumi za kusoma, dakika ambazo mimi nilizitumia kubishana kuhusu jina la ligi.

Kalenda inadanganya

Nilikuwa na hesabu nzuri sana kichwani. Javonte aliumia wiki tatu kabla ya Hall, kwa hiyo atakuwa tayari mapema zaidi. Na Agosti yote ilinikubalia. Javonte alianza kambi ya mazoezi akiwa na ruhusa kamili, akacheza na mechi ya maandalizi. Hall alianza kambi akiwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mazoezi, akatolewa humo katikati ya Agosti, na mechi za maandalizi hakugusa hata moja. Jets wakaongeza hofu kwa kumsajili Dalvin Cook, mbeba mpira mwenye jina kubwa, ambaye kwa kejeli ya mambo yeye mwenyewe alikatika ACL mwaka 2017 akarudi kuwa nyota. Nani angemnunua Hall hapo? Jamaa wa Mombasa. Nilipomuuliza baadaye, alisema hakujua kwamba Cook amesajiliwa.

Ukitaka kuona jinsi miezi isivyosema kitu peke yake, wachukue Adrian Peterson na Nick Chubb. Peterson alikatika ACL na MCL (ligamenti ya upande wa ndani) ya goti la kushoto tarehe 24 Desemba 2011. Miezi minane na nusu baadaye alikuwa uwanjani na Minnesota Vikings, akafunga tachidauni mbili mechi ya kwanza, na msimu huo wa 2012 akamaliza na yadi 2,097, pungufu ya yadi nane tu kuifikia rekodi ya Eric Dickerson ya 2,105 iliyowekwa 1984. Akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Chubb wa Cleveland Browns aliumia goti la kushoto tarehe 18 Septemba 2023 kule Pittsburgh. Alipasuliwa mara mbili, akangojwa miezi 13, akarudi Oktoba 2024. Mechi nane, kubeba mara 102, yadi 332, wastani wa 3.3, kisha mguu ukavunjika Desemba. Huyu ni mtu ambaye mwaka 2022 alikuwa amekimbia yadi 1,525.

Miezi minane na nusu kwa mmoja, 13 kwa mwingine, na wa miezi michache ndiye aliyeikaribia rekodi. Tofauti mojawapo ilikuwa imelala kwenye historia: goti hilo la kushoto la Chubb liliwahi kusambaratika akiwa chuo kikuu cha Georgia, Oktoba 2015, ligamenti kadhaa kwa pamoja. Ni kama gari la mtumba. Lililogongwa mara moja na kunyooshwa na fundi hodari unaweza kulinunua. Lililogongwa mara mbili ubavu ule ule, hata likipakwa rangi ya kung'aa namna gani, wewe chungulia chesisi.

Na Peterson, tafadhali, tumwache kama alivyo. Kila mwaka kuna mtu kwenye kundi letu anayemtaja kama ushahidi kwamba "siku hizi ACL si kitu". Peterson ni ushahidi wa Peterson.

Miezi tisa ina maana yake hata hivyo, lakini kama sakafu: madaktari wengi wa michezo hawapendi mtu arudi kwenye mchezo wa kukata kona kabla ya hapo, kwa sababu hatari ya ACL kukatika tena ni kubwa zaidi. Kwa hiyo anayeumia Oktoba na anayeumia Desemba si sawa. Wa Desemba akirudi Septemba anaikanyaga sakafu hiyo kwa vidole. Wa Oktoba ana nafasi ya kuvuta pumzi. Baada ya hapo, mwezi mmoja zaidi au pungufu usiupe uzito nilioupa mimi.

Mwezi wa kwanza wa msimu

Baada ya ile yadi 83, Hall alipotea. Wiki ya pili dhidi ya Dallas alibeba mara nne, yadi 9. Wiki ya tatu dhidi ya New England, mara 12 kwa yadi 18. Wiki ya nne, mara sita. Timu ilikuwa imemwekea kikomo cha muda wa kucheza, na jamaa wa Mombasa alianza kunitumia ujumbe wa sauti wa kulalamika. Kisha akanipa ofa: nimpe mdaka pasi wangu wa pili, anipe Hall.

Nikakataa. Nakumbuka nilivyomjibu, na sitaandika hapa.

Siku chache baadaye kocha Robert Saleh akatangaza kwamba kikomo kimeondolewa. Wiki ya tano, Jets walisafiri kwenda Denver, uwanja ule ule ambako goti lilikatikia. Hall akabeba mara 22, yadi 177, na moja ya hizo ilikuwa mbio ya yadi 72 hadi tachidauni. Javonte hakucheza mechi hiyo. Alikuwa ameumia nyonga wiki iliyotangulia.

Kuna mambo mawili ya kununulia hapo. Kwanza, mbeba mpira anayerudi kutoka kwenye upasuaji ni nafuu zaidi wiki ya tatu na ya nne kuliko siku ya drafti, kwa sababu mwenye naye ameshachoka kungoja. Pili, kwenye wiki hizo usihesabu pointi. Tazama mbio moja au mbili ndefu. Hall alikuwa ameshaonyesha mbio ile dhidi ya Buffalo. Goti lilikuwa limejibu, kilichobaki kilikuwa ruhusa. Javonte yeye alikuwa anapewa kazi bila kikomo kama hicho, lakini mbio ndefu hazikuwapo. Yadi tatu, yadi nne, chini. Ukimwona mtu anapewa mpira kila mara na hatoki, hiyo ni habari mbaya kuliko mtu anayetoka na hapewi.

Nyonga ile pia haikuwa bahati mbaya tupu. Saquon Barkley, mbeba mpira mwingine, aliporudi kutoka ACL mwaka 2021 akachezea New York Giants, kilichomtoa nje wiki kadhaa kilikuwa kifundo cha mguu. Mguu unaolindwa hupeleka mzigo kwa jirani zake, na mtu aliyekaa mwaka mzima bila mechi misuli yake nayo inahitaji kuzoea upya. Nionavyo mimi, kwa msimu wa kwanza baada ya ACL, panga kabisa kwamba utamkosa mechi mbili tatu kwa jeraha ambalo si la goti.

Pasi ndizo zilizoamua

Rudi kwenye jedwali uangalie pasi. Sabini na sita dhidi ya arobaini na saba. Hapo kuna pointi 29 kabla hata hujahesabu yadi. Ila kilicho muhimu zaidi ni kilichotokea baada ya kudaka: Hall alipata karibu yadi nane kwa kila pasi, Javonte chini ya tano. Pasi ya mbeba mpira kwa kawaida ni fupi, anadakia karibu na mstari, mbele yake kuna nafasi wazi na mkabaji mmoja. Anayekwepa anaondoka. Ni kipimo kizuri cha goti kuliko kubeba mpira katikati, kwa sababu katikati unaweza kulaumu watu wanaomfungulia njia.

Tena Hall alifaidika na msiba wa timu yake. Usiku ule ule wa yadi 83, kwotabeki Aaron Rodgers alikatika kano ya kisigino baada ya kucheza mipira minne tu. Jets wakabaki na Zach Wilson, timu ikamaliza na ushindi mara 7 na kufungwa mara 10, na kila kwotabeki alipobanwa aliutupa mpira mfupi kwa Hall. Tarehe 24 Desemba dhidi ya Washington, wiki ambayo ligi nyingi za fantasi zinacheza nusu fainali, Hall alidaka pasi 12, akafunga tachidauni mbili, akampa mwenyewe pointi 43. Mpinzani wa jamaa wa Mombasa wiki hiyo nilikuwa mimi.

Denver nao walikuwa na kocha mpya, Sean Payton, aliyewaleta Samaje Perine na kijana Jaleel McLaughlin kugawana kazi. Javonte aliendelea kupewa sehemu kubwa, lakini pasi nzuri zilikuwa na watu watatu wa kuzigombania. Ukiwa na wawili wanaotoka kwenye majeraha yanayolingana, mchukue yule ambaye timu haina mtu mwingine wa kumtupia pasi fupi. Cook, yule niliyemwogopa, alibeba mara 67 tu msimu mzima na Jets wakaachana naye kabla ya msimu kwisha vizuri.

Mwaka wa pili, na bei yake

Wajuzi wengi wa fantasi watakuambia: usimnunue mwaka wa kwanza, mnunue wa pili. Ushahidi wao mkubwa ni Barkley. Alikatika ACL Septemba 2020. Mwaka 2021 watu walimchukua karibu na mwisho wa raundi ya kwanza, akawalipa yadi 593 na tachidauni nne kwa jumla, takriban pointi 150. Mwaka 2022, huku watu bado wana kinyongo, akakimbia yadi 1,312, akadaka pasi 57, akaleta takriban 282. Baadaye akahamia Philadelphia Eagles, na msimu wa 2024 akapita yadi 2,000.

Ni kweli, lakini kauli hiyo inaacha nusu ya jambo. Barkley wa 2022 alikuwa mzuri kumnunua kwa sababu alikuwa ameshawaudhi watu. Hall hakumuudhi mtu (isipokuwa mimi), kwa hiyo mwaka wake wa pili, 2024, bei ilipanda hadi raundi ya kwanza kabisa. Alikimbia yadi 876, na kwa hesabu yangu akaleta pointi 240 hivi. Si vibaya, ila si malipo ya raundi ya kwanza. Goti lilikuwa na afya zaidi, na bado waliomnunua walipata hasara.

Kwa hiyo mimi mwaka wa pili namnunua aliyeshindwa mwaka wa kwanza, mradi awe kijana na timu bado inampa mpira. Aliyefaulu mwaka wa kwanza, namwachia anayependa kulipa.

Umri hapa sina mzaha nao. Jamaal Charles wa Kansas City Chiefs ndiye mfano ninaoupenda, maana ni mtu mmoja mwenye magoti mawili. La kushoto lilikatika 2011 akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata akakimbia yadi 1,509. La kulia lilikatika Oktoba 2015 akiwa na 28. Mwaka uliofuata alicheza mechi tatu, akabeba mara 12, yadi 40. Kipaji kile kile, timu ile ile, ligamenti ya jina lile lile.

Basi ungemchukua nani?

Inategemea ligi uliyomo. Kama ni ya msimu mmoja na mnaanza upya kila Agosti, kati ya aina ya Hall na aina ya Javonte chukua aina ya Hall: ACL peke yake au na meniskasi, chini ya miaka 25, aliumia kabla ya Novemba, anadaka pasi. Lakini asiwe mbeba mpira wako wa kwanza. Awe wa pili, na uwe na wa tatu mzima wa kukushikia mwezi wa kwanza, kwa sababu wiki za mara nne kwa yadi tisa zitakuja. Hall wa raundi ya nne alikuwa bei sawa. Raundi ya pili ningemwacha hata leo.

Mwenye ligamenti nyingi zilizokatika kwa pamoja, kwenye ligi ya msimu mmoja, simgusi kabla ya raundi ya tisa, hata video zake za mazoezi ziwe tamu kiasi gani.

Kama ni ligi ya kudumu, ambamo wachezaji unabaki nao mwaka hadi mwaka, geuza. Hapo aina ya Javonte ndiyo yenye faida, ila usimnunue alipoumia. Mngoje amalize msimu wa kurudi, mwenyewe akate tamaa, ndipo upige simu. Aina ya Chubb, goti lililoumia mara mbili na miaka 28, usimnunue kwenye ligi ya namna yoyote.

Kagua na orodha ya majeruhi siku chache kabla ya drafti. Mchezaji anayebaki kwenye orodha ya wasioweza kucheza kimwili msimu unapoanza, kwa kanuni ya sasa ya NFL atakosa mechi nne za mwanzo kwa uchache. Chubb alianza 2024 humo na hakuonekana hadi wiki ya saba. Ligi yenu ikiwa na nafasi ya majeruhi isiyohesabika kwenye benchi, mtu wa namna hiyo unaweza kumweka bila kuumia. Kama haina, anakula kiti cha mtu anayecheza.

Javonte nilimwacha aende zake mwisho wa 2023. Mwaka 2024 alibeba mara 139 tu, na Machi 2025 Denver hawakumrudisha. Akasaini mwaka mmoja na Dallas Cowboys. Miaka 25, karibu miaka mitatu tangu goti likatike, timu haina mbeba mpira mwingine wa maana. Vigezo vyote nilivyoviandika hapa juu vilikuwa vinamwelekea, na mimi niliviandika kwenye daftari kabisa. Raundi ya nane nikamchungulia, nikaukumbuka msimu ule wa 2023, nikamruka. Msimu huo akapita yadi 1,000 kwa mara ya kwanza katika NFL. Raundi ya tisa alikuwa ameshachukuliwa, na ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu yangu ulikuwa wa kicheko cha Kimvita.